Ukienda Monaco kuona magari ya kale, kaa penye breki

Ndugu wa Mbarara, umeuliza mambo mawili: kama inafaa kuongeza siku tatu kwenye safari yako ya kikazi Ufaransa ili uende Monaco kutazama mbio za magari ya kale, na ukifika ukae wapi. Mimi nilikwenda Mei 2022. La kwanza jibu lake ni nenda. La pili ndilo linanifanya niandike gazeti zima, maana siku yangu ya kwanza ilipotea bure kwa kukaa pabaya.

Yule mwenzetu aliyetangulia kusema ni maonyesho ya matajiri tu hajakosea sana. Matajiri wapo, na wengi wana mvi. Lakini mtu anayechukua gari lenye thamani ya ghorofa pale Kampala Road, akaliingiza kwenye barabara iliyobanwa na vyuma kushoto na kulia, kisha akalikimbiza kwelikweli, huyo namvulia kofia.

Ili ujue natazama kwa jicho gani: mimi ni fundi, gereji yangu iko Ndeeba, Kampala. Kiswahili changu ni cha kambi ya jeshi Jinja, kikapigwa msasa Mombasa nilikofanya kazi miaka mitatu, kwa hiyo mtanivumilia. Mbio nilizokulia ni rally. Marehemu baba aliendesha malori ya Bedford jeshini, na hadithi zake za jioni zilikuwa ni Safari Rally ilipokuwa bado inaingia Uganda. Ilianza 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikawa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Shujaa wake alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda, aliyeshinda 1973 kwa Datsun 240Z, akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Sasa rally unaijua mwenyewe. Unaamka saa kumi usiku, boda inakutupa porini, unapanda juu ya kichuguu, unasubiri. Gari linakuja, sekunde nne limepita, umekula vumbi. Unasubiri lingine. Monaco ni kinyume chake kabisa. Mzunguko mzima ni kilomita 3.337, na hata gari la kabla ya Vita vya Pili linarudi mbele yako baada ya dakika mbili hivi. Unamwona dereva yule yule akiingia kona ile ile mara kumi na kitu. Ikifika mara ya sita umeshamsoma: huyu anachelewa kushika breki, huyu anaogopa ukuta wa nje, huyu mikono imemchoka. Rally haikupi nafasi hiyo hata siku moja, na ndiyo maana nasisitiza suala la kiti.

Mashindano yenyewe yalianza 1997, ukoo wa Grimaldi, watawala wa pale, ulipotimiza miaka 700 Monaco. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka 2, wiki chache kabla ya langalanga za kisasa (Formula 1), kwenye mitaa ile ile na vizuizi vile vile vya chuma ambavyo tayari vimeshafungwa. Njia nayo haijabadilika sana tangu 1929, William Grover-Williams aliposhinda mbio za kwanza kabisa kwa Bugatti. Kipande kikubwa kilichoongezwa ni kile cha kuzunguka bwawa la kuogelea, 1973. Magari yanagawanywa kwa umri: ya kabla ya vita, yale yenye injini mbele ya dereva ya miaka ya 50, yale madogo ya 1,500 cc ya mwanzo wa miaka ya 60, halafu ya miaka ya 70 na kuendelea. Ijumaa na Jumamosi ni mazoezi, Jumapili ndiyo mashindano.

Ijumaa nilikaa upande wa bandari. Muuza tiketi aliniambia hapo ndipo wanapopita kasi, nami nikaona kasi ndiyo iliyonileta. Ndugu yangu, niliona rangi. Nyekundu, kijani, buluu, zikipita nyuma ya wavu, na shingo yangu ikigeuka kama ya mtu anayetazama meza ya mpira wa ping-pong. Kitu pekee nilichokifaidi hapo ni handaki. Njia inapita chini ya hoteli, tena kwa kukunja, na gari unalisikia muda kabla ya kuliona. Sauti inabanwa humo ndani halafu inatemwa yote kwa pamoja. Jioni dada yangu (ameolewa Nice, ndiyo maana safari iliwezekana) aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimesikia.

Jumamosi nikatumia akili ya gereji. Kwenye barabara iliyonyooka dereva hana kazi, amekanyaga tu. Kazi iko anapopunguza. Nikatafuta kiti kinachotazama Rascasse, kona ya karibu na mwisho wa mzunguko, ambako wanatoka bwawani, wanashika breki gari likiwa bado linakunja, kisha wanazunguka pembe kali ya kulia kwa mwendo wa taksi za Old Taxi Park.

Hapo ndipo nilipokutana na Maserati 250F, gari ambalo Fangio, dereva bingwa wa enzi hizo, alishinda nalo Monaco 1957. Ni refu, jekundu, na dereva anakaa wima nje nje kama amepanda ngamia: unamwona kuanzia kiunoni kwenda juu, viwiko na vyote. Stelingi ni kubwa kama sinia la pilau. Ila uchawi uko miguuni usikoona. Eksileta yake iko katikati, breki iko kulia. Fikiria umetoka kuendesha Premio yako, unaingia humo, unaona ukuta unakuja, mguu wako unakanyaga ulikozoea miaka yote!

Gia zake nazo hazina huruma. Anapokaribia kona unasikia injini ikinguruma mara moja, kisha kimya kifupi, kisha kishindo, gia imeingia. Sauti hiyo naijua tangu utoto. Ni ile ya kukanyaga klachi mara mbili ambayo baba alikuwa anaifanya kwenye Bedford, ukikosea gia inasaga meno mpaka kambi nzima inajua umekosea. Nilikaa pale nimeshika magoti, nikawa nakanyaga klachi pamoja na yule dereva wa Maserati. Mzunguko wa nne alikosea, ikasaga. Nikacheka peke yangu, jirani yangu Mwitaliano akanigeukia, naye akaanza kucheka. Hatukuwa na lugha moja lakini wote tulikuwa tumesikia.

Kabla ya hapo, asubuhi, nilizunguka walikopangwa magari. Usiache hata kama tiketi yake inaongeza gharama, na nenda mapema kabla watu hawajajaa. Nilikuwa napita karibu na magari ya kabla ya vita nikasikia harufu ya bibi yangu. Sitanii. Bibi alikuwa anapaka mafuta ya nyonyo nywele na magoti, na harufu ile ile ilikuwa inatoka kwenye bomba la moshi. Injini za mbio za zamani zilitiwa mafuta ya nyonyo kwa sababu yanang'ang'ania chuma hata joto likipanda kupita kiasi. Ubaya wake ni kwamba yakikaa yanageuka gundi, na hayapatani na oili ya kawaida, kwa hiyo mwenye gari hana ruhusa ya uvivu.

Nikasimama kwenye Bugatti moja. Fundi wake, mzee mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka, aliwasha injini akaiacha ipate joto polepole. Akaizima. Akachukua spana na kitambaa, akaanza kutoa plagi moja moja, zote nane, moto moto, anazipanga kwenye ubao wenye matundu kwa mpangilio wa silinda. Kila moja aliiinua kwenye mwanga, akaangalia rangi ya ncha, akaguna. Kisha akafunga nyingine mpya. Zile za kwanza ni za kupashia tu, haziwezi joto la mbio. Hizi za pili ndizo za kazi, lakini ukiwasha nazo injini ikiwa baridi zinalowa na kufa. Nilielewa bila Kifaransa. Nikamwonyesha viganja vyangu na weusi wake usiotoka kwa sabuni yoyote, akaangalia, akanionyesha vyake. Mazungumzo yakaishia hapo, na yalinitosha.

Magari ya miaka ya 70 nitayapitia haraka, ingawa ndiyo wengi wanayafuata. Yanapendeza kwa macho, matairi ya nyuma mapana kama mapipa, lakini kwa masikio ya fundi yanachosha kidogo, kwa sababu mengi yana injini ile ile ya Cosworth DFV, V8 ya lita 3 iliyoanza kukimbia 1967 na mwaka uliofuata ikawa inauzwa kwa timu nyingine. Ni kama kamunye (matatu) zetu: kila moja ina rangi yake na maandishi yake kiooni, ndani Hiace ni ile ile. Ikija Ferrari yenye silinda 12 ndipo unanyanyua kichwa.

Na Ferrari ndiyo iliyotupa kioja cha Jumapili. Charles Leclerc, dereva wa langalanga na kijana wa Monaco mwenyewe, alipewa 312B3 ya 1974, gari la enzi za dereva Niki Lauda, azunguke nalo kwa maonyesho tu. Watu wa kwao wanapunga bendera. Akaja Rascasse, mbele yetu, breki zikamsaliti, gari likageuka likaenda kinyumenyume mpaka kwenye chuma, bawa la nyuma likavunjika. Kimya. Yule Mwitaliano wangu alishika kichwa kwa mikono miwili kama amefiwa. Mimi nilikuwa nahesabu: bawa, labda na mkono unaoshika tairi la nyuma, wiki ngapi za kazi, na nani anakwenda kumweleza mwenye gari. Kijana alitoka mzima, na hilo ndilo la maana.

Madereva wa enzi za magari hayo hawakuwa na uhakika huo. Mwaka 1955 Alberto Ascari alitoka handakini akapitiliza mpaka baharini na Lancia yake, akaogelea mpaka kwenye mashua; siku nne baadaye akafa Monza akijaribu gari jingine. Mwaka 1967 Lorenzo Bandini aligonga pale pale karibu na bandari, gari likawaka, akafa siku tatu baadaye. Ukikaa pale ukajua hayo, vyuma vile vya kando havikuudhi tena hata vikikuzibia.

Mambo ya mfukoni. Viza ya Schengen ya Ufaransa inatosha, Monaco huingii kwa mlango mwingine. Mimi nililipa ada ya euro 80, tangu 2024 ni 90 kwa mtu mzima. Jaza fomu mwenyewe. Kuna wakala mmoja mjini alinila pesa kwa kunijazia jina la baba kwenye nafasi ya jina langu. Lala Nice, usifikirie hata kuuliza bei ya kitanda Monaco. Treni ni kama nusu saa, na stesheni imechimbwa ndani ya mlima, ukifuata vibao vya Sainte-Dévote unatokea kwenye kona ya kwanza kabisa. Beba maji na chakula. Dada alinifungia chapati nne na mayai, nikala nikitazama mashua za watu.

Jua la Mei lina adabu kuliko letu, lakini chukua kofia. Viatu viwe vya kutembea, maana ule mji ni kama vilima vyetu vya Kololo na Nakasero vimebebana: kutoka Sainte-Dévote hadi Casino ni mlima mtupu. Na masikio, tafadhali. Ijumaa nilijifanya mwanaume, nimezoea kelele za gereji, usiku nikalala nikisikia nyuki. Jumamosi nikanunua vizibo vya sponji, sauti bado unaipata yote, hadi kifuani.

Aliyeuliza kwa nini tusifanye kitu kama hicho Kampala, pale Nakasero: ndugu, tuzibe mashimo kwanza, halafu tuwaombe boda watupishe kwa siku tatu. Ukifanikiwa hilo la pili niite.

Kama una bajeti ya siku moja tu, chukua Jumamosi. Jumapili ina vikombe na nyimbo za taifa, lakini Jumamosi magari yote yanapita, na mafundi bado wana muda wa kukuonyesha plagi. Vizibo vyangu bado ninavyo kwenye droo, nimevisafisha. Ukipita Ndeeba kabla ya safari njoo uvichukue.