Maswali ya Wasomaji: Ukifika Ugenini, Kula kwa Saa za Wenyeji

SWALI: Sisi ni familia ya watu watano. Mwaka juzi tulikwenda Unguja kwa likizo, na karibu kila siku tulikula chipsi kuku, kwa sababu kila tulipouliza chakula cha Kizanzibari tulielekezwa kwenye mikahawa ya watalii yenye bei za dola. Tunapanga kurudi, na safari hii watoto wanataka kula urojo na pweza mahali ambapo Waunguja wenyewe wanakula. Tuanzie wapi? Pia huenda safari yetu ikaangukia mwezi wa Ramadhani, nasi ni Wakristo. Je, tuahirishe?
Mama wa watoto watatu, Dodoma

JIBU: Mama, nadhani kilichowanyima chakula cha Unguja safari iliyopita ni saa kuliko fedha. Chakula cha mjini Unguja kina ratiba yake, na kile kinachopatikana wakati wowote, tangu asubuhi hadi usiku wa manane, mara nyingi kimepikwa kwa kumfikiria mgeni. Ukiulizia urojo saa nne asubuhi, wenyeji watakuelekeza kwenye mkahawa wenye menyu, kwa kuwa wauzaji wengi wa mitaani saa hiyo bado wako nyumbani wanamenya viazi na kukuna nazi. Kwa hiyo usiulize ni wapi kuna chakula kizuri. Muulize dereva wa daladala, muuza duka au mlinzi wa nyumba mliyofikia: saa hizi watu wa hapa wanakula nini?

Asubuhi mtaambiwa vitumbua, chapati, maandazi, mbaazi za nazi au supu, na inafaa mtoke mapema, kwani ikifika saa nne meza nyingi zimekwisha kufutwa. Mchana ni zamu ya wali na mchuzi wa samaki, na wanaoupika vizuri kwa bei ya kawaida ni mama lishe walio karibu na masoko na vituo vya daladala, ambao wateja wao hurudi kesho na keshokutwa, na hivyo hawawezi kuthubutu kuwapakulia kiporo. Siku ya Ijumaa, baada ya swala ya mchana, nyumba nyingi hula pilau au biriani. Basi panga chakula chenu kizito cha juma kiwe siku hiyo, maana hata migahawa midogo huipa Ijumaa uangalifu ambao haionyeshi Jumanne.

Urojo unakuja alasiri. Ukivuka eneo la Darajani kuelekea Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kwenye mitaa kama Michenzani na Kikwajuni, mtaona watu wamesimama au wameketi kwenye mabenchi wakiwa na mabakuli mkononi. Msikimbilie kuagiza, kwanza mtazameni muuzaji akiandaa, kwa sababu mpangilio wa vitu ndani ya bakuli ndio unaoleta ladha. Huanza na viazi vya kuchemsha, akaongeza kachori na bajia, kisha akamimina urojo wenyewe, yaani ule mchuzi mzito wa manjano unaopikwa kwa unga wa ngano na kutiwa ukali wa embe mbichi au ndimu. Juu yake huweka vipande vya mishikaki, pengine na yai, halafu chatini ya nazi na pilipili, na mwisho kabisa huvunjavunja chipsi nyembamba za muhogo. Chipsi hizo hulainika upesi, kwa hiyo urojo huliwa pale pale ulipotengenezwa; anayeufunga kwenye mfuko ili akaule hotelini hupata kitu kingine kabisa. Kwa watoto, omba pilipili iwekwe pembeni, na wala hakuna atakayekushangaa, kwani wenyeji nao hufanya hivyo kwa watoto wao.

Kuhusu Forodhani, maoni yangu ni kwamba mwende, ila kwa kuchagua. Bustani ile iliyo mbele ya Ngome Kongwe hupendeza sana jua linapozama, na familia za mjini nazo huja kupunga upepo. Hata hivyo, mishikaki ya kamba na kaa iliyopangwa kwa rangi juu ya meza hupashwa moto tu unapoagiza, na baadhi yake imekaa hapo muda mrefu. Mimi hupendelea juisi ya miwa inayokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, na ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, ambayo hutandazwa, hujazwa nyama na yai, hukunjwa na kukaangwa huku ukitazama. Chochote mtakachochagua, ulizeni bei kabla hakijawekwa kwenye sahani, na ulizeni kwa Kiswahili.

Sasa pweza. Huyu hafuati saa ya mjini, anafuata bahari. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana, na katika vijiji vya kusini na mashariki, kama Jambiani na Paje, wanawake hutembea juu ya miamba wakiwa na vijiti virefu wakitafuta mashimo yake. Ukifika siku hizo utapata pweza aliyetoka majini asubuhi ile, akapondwa ili alainike na kupikwa kwa tui la nazi. Ukifika wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana, huenda ukala aliyegandishwa. Vilevile baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga maeneo ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue na kuzaliana, na siku ya kufungua huwa ni shamrashamra kwa kijiji kizima. Mkiambiwa kwamba eneo limefungwa, mshukuruni aliyewaambia na mle samaki. Watu hao wanajinyima kipato ili pweza asije akatoweka.

Msiahirishe safari kwa sababu ya Ramadhani, lakini mbadilishe saa zenu. Mchana migahawa mingi hufungwa, na kula au kunywa barabarani ni kuwavunjia heshima wenyeji. Watoto wadogo na wagonjwa hula ndani, na nyumba nyingi za wageni huandaa mahali pa faragha kwa ajili hiyo. Thawabu ya uvumilivu huo ni magharibi. Futari ya Unguja ina vyakula ambavyo miezi mingine ni nadra kuviona pamoja: muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, tambi za sukari, kaimati, uji, mkate wa kumimina, na sambusa zilizokaangwa dakika chache kabla ya adhana. Mji hukesha, na watoto wenu watafurahia usiku wenye watu wengi barabarani kuliko walivyowahi kuona. Jirani au mwenyeji akiwaalika kufuturu, kubalini. Fikeni kabla ya adhana, mkiwa na tende au matunda mkononi, naweni, kuleni kwa mkono wa kulia, na katika sinia la pamoja kila mmoja ale upande ulio mbele yake.

Mkikaa hadi Idi, ulizieni boko boko, nyama na ngano vilivyopikwa kwa muda mrefu hadi vikawa kitu kimoja, huliwa na samli. Ni chakula cha nyumbani zaidi kuliko cha mgahawa, na kwa sababu hiyo mara nyingi hupatikana kwa kualikwa.

SWALI: Husafiri mara kwa mara kwa basi kati ya Mwanza na Dar es Salaam na ninatamani kuonja vyakula vya njiani, lakini tumbo langu ni jepesi. Nifanyeje?
Msomaji wa Mwanza

JIBU: Ndugu, tumbo jepesi halikuzuii kula, linakutaka uwe mwangalifu na moto, maganda na maji. Kilichotoka kwenye moto mbele ya macho yako, kama mhindi wa kuchoma, muhogo wa kukaanga au supu inayochemka, ni salama kuliko wali wa kwenye bakuli la vuguvugu, hata kama bakuli hilo liko kwenye mgahawa wenye vigae. Tunda lenye ganda unalomenya mwenyewe halina neno. Kachumbari, barafu na juisi iliyochanganywa na maji usiyoyajua, viache.

Njia yako, kwa bahati nzuri, imejaa vitu vizuri. Singida ulizia kuku wa kienyeji, ambaye nyama yake ni ngumu kidogo lakini mchuzi wake hauna mpinzani, na asali. Dodoma kuna zabibu, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zioshe kwa maji ya chupa kabla ya kuzila, kwa kuwa hazina ganda la kumenya.

Tumbo likichafuka, kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti, au changanya lita 1 ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo au ukipata homa, usisubiri kufika mwisho wa safari. Shuka kwenye mji ulio karibu uende kituo cha afya.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mombasa, nimechumbia binti wa Kihaya, na familia yetu inakwenda Bukoba kujitambulisha kwa wakwe. Tumesikia kuhusu senene, wale panzi wa kuliwa, na ndizi kila mlo. Ninaogopa kukosea adabu mezani. Nijiandae vipi?
Mkwe mtarajiwa, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, hongera. Huenda jambo la kwanza kutolewa likawa kahawa, na hapa Mpwani hupotea, kwa kuwa hutaletewa dele, lile birika la kahawa, wala vikombe. Katika nyumba ya Kihaya mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna, robusta ya kwao, zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Pokea chache, tafuna taratibu na uendelee na mazungumzo. Ni chungu kiasi, na zinaamsha. Kuzipokea ni kupokea ukaribisho wenyewe, kwa hiyo hata kama hupendi kahawa, chukua walau punje moja.

Kuhusu ndizi, jitahidi kusahau zile za nazi unazokula nyumbani mwezi wa mfungo. Kwa Wahaya ndizi ndicho chakula chenyewe, kama ulivyo wali kwako, na mara nyingi hupikwa pamoja na maharage katika chungu kimoja kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Viungo ni vichache, kwa makusudi, ili ladha ya ndizi isikike. Kula kwanza bila kuomba pilipili wala ndimu. Mama mkwe amechagua ndizi hizo shambani mwake, anajua ni za aina gani na zimekomaa kwa kiasi gani, na angependa kuona kwamba umezionja kabla ya kuzibadilisha. Ukimuuliza juu ya aina za ndizi zake, atakueleza kwa muda mrefu, na nakuhakikishia kwamba mazungumzo yatachangamka.

Ukiletewa lubisi, pombe ya ndizi na mtama, nawe huinywi, sema hivyo kwa upole tangu mwanzo, mshenga wenu akiwa ametangulia kuwaarifu wenyeji. Kagera ina Waislamu wengi, na hakuna atakayeona ajabu. Unaweza kuomba juisi ya ndizi ambayo bado haijachachushwa.

Senene huja kwa misimu: msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, na mwingine huwa karibu na Aprili na Mei. Huruka usiku kwa makundi wakifuata mwanga wa taa, na asubuhi yake nyumba nzima huketi kuwanyofoa mabawa na miguu. Kisha hukaangwa kwa chumvi, pengine na kitunguu, karibu bila mafuta, kwa sababu mafuta yao wenyewe yanatosha; wakiiva wanakuwa wakavu, wa kahawia na wenye kutafunika kama karanga. Kula mmoja kwanza, usimtazame sana. Kuna jambo moja la kuzingatia kwa dhati: ikiwa ukila kamba au kaa unapata vipele, mwasho au kubanwa pumzi, usionje senene kabisa, maana mwili unaokataa wanyama hao huweza kuwakataa senene pia. Mwambie mchumba wako mapema, naye awaeleze wazazi wake kwamba ni suala la afya, ili sahani isifike mbele yako ukalazimika kuisukuma.

Wapelekee wakwe kitu cha kwenu: halua ya Mombasa iliyofungwa vizuri na achari ya embe, ambazo hazitaharibika njiani. Na kama safari yenu itakuwa nje ya msimu wa senene nawe una hamu nao, sokoni Bukoba huuzwa waliokaangwa na kukaushwa. Lakini kabla ya kununua muulize mama mkwe, kwani nyumba nyingi huwa na akiba yao wenyewe, na angependa utoke na wa kwake.