Kabla hujamsainisha mkulima, uliza shamba ni la nani

Msimu huu nimezunguka na vijana wapya wa ugani na wa miradi, Chamwino na Bahi huku Dodoma, na nimeona yale yale. Orodha inaandaliwa ofisini kwa mtendaji, watu wanaweka dole gumba, picha zinapigwa, wiki inayofuata tepu iko shambani inapima mashimo. Wadogo zangu, bidii mnayo na ninawapenda kwa hiyo. Lakini fedha ya kumsaidia mtu ahifadhi udongo kwenye shamba lake ikikosewa kwenye fomu, hata ukikagua kila siku haitanyooka.

1. Shamba ni la nani? Hapa nitakaa sana, mnivumilie.

Mradi mmoja niliofanya nao kazi ulilipa kwa ekari. Mkulima anachimba mashimo ya Chololo, yaani vishimo vya kupandia vinavyokusanya maji ya mvua, akikaguliwa anapata nusu, nusu nyingine baada ya mavuno. Kazi yenyewe mnaijua: sentimita 60 shimo hadi shimo, 90 mstari hadi mstari. Ekari moja inakula mashimo kama 7,500, kwa jembe la mkono, kiangazi, ardhi ngumu kama tofali, na kila shimo linataka samadi yake.

Mama mmoja alimaliza ekari nzima na wanawe. Nilipokwenda kukagua nilipiga magoti nikatia mkono shimoni: kina sawasawa, udongo umelundikwa upande wa chini wa mteremko, samadi imefunikwa vizuri. Mvua ikanyesha, kisha ikakata katikati ya msimu kama inavyopenda kufanya huku kwetu. Mtama wa majirani ukajikunja majani, wa kwake ukasimama.

Baada ya kuvuna, mwenye shamba akatokea mjini. Kumbe lilikuwa la kukodi. Akasema msimu ujao analima mwenyewe. Na kwa kuwa fomu ya mradi iliuliza "jina la mmiliki" tu, awamu ya pili ikaingia kwenye simu yake yeye. Hakuiba kitu, fomu ndiyo iliyompa. Yule mama hakugombana na mtu. Alikuja ofisi ya kijiji, akaketi kwenye benchi, akauliza kama anaruhusiwa kwenda kuichota samadi yake.

Mwaka uliofuata wakodishaji wa kitongoji kile walikataa kushika jembe la mradi. Walikuwa na haki, na mradi ukaandika kwenye ripoti kwamba mwamko ni mdogo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo fomu iwe na nafasi mbili: mwenye ardhi na mlimaji. Kama ni la kukodi, waandikiane misimu mitatu au zaidi mbele ya mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, kabla ya shimo la kwanza, na malipo ya kuchimba yaende kwa aliyechimba. Hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikiwepo, vizuri sana. Isipokuwepo, nenda shambani uwaulize majirani wa mipaka. Orodha ya ofisini haitoshi.

2. Laini ya simu ni ya nani? Mke anachimba, muamala unaingia kwa mume. Andika namba ya mwenye jembe.

3. Tarehe. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Fedha ikifika Januari mtu yuko kwenye palizi. Atachimba ovyo ili alipwe. Mikataba ikamilike Julai, watu wachimbe Agosti hadi Oktoba.

4. Mabua. Unamlipa mtu aache mabua yafunike udongo, je, umeongea na wenye ng'ombe? Mavuno yakiisha, shamba lake ni malisho ya kijiji kizima. Bila makubaliano ya mkutano wa kijiji, umenunua chakula cha mifugo ya jirani. Na mkifika Kondoa msishangae wazee wakiwatazama kwa mashaka. HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na mwaka 1979 Serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ulirudi, hilo ni kweli na tujivunie. Lakini kuna familia zilizobaki bila maziwa wala samadi, na wazee hawajasahau. Kaeni chini ya mti muwasikilize kwanza, hata kama ratiba inawabana.

5. Visiki hai, yaani kuotesha miti upya kutoka kwenye visiki vilivyobaki shambani, msilipe kwa idadi. Kinachotakiwa pale ni panga, kuchagua machipukizi yenye nguvu na kuyapogolea. Ukiweka bei kwa kisiki utahesabiwa kila kichaka.

6. Kulipa kabla au baada? Nasikia mkisema "tufanye kama Marekani". Kule, EQIP, mpango wa serikali yao wa kuwasaidia wakulima kuhifadhi mazingira, ulioanzishwa 1996, hurejesha sehemu ya gharama baada ya kazi kukaguliwa, na hata wao wana utaratibu wa kutanguliza fedha kwa wakulima wasio na uwezo. Mama wa Bahi hana benki ya kumkopesha wakati anawasubiri ninyi. Mtangulizieni za samadi na usafiri wake, mkikagua mashimo mlipe ya kuchimba, kisha mbakize kidogo ya kulipa msimu wa pili mkikuta mashimo bado yanatumika. Na tarehe ya ukaguzi mwambieni mapema, msimkute yuko kisimani.