Umepewa kazi ya keki ya harusi na bajeti ni finyu: anza na mgao

Kamati ya harusi ikigawana kazi, wazoefu huchukua ukumbi, usafiri na vinywaji, na keki humwangukia aliyeingia kamati juzi, kwa kuwa inaonekana ni kazi nyepesi. Unampigia mwokaji, unatanguliza pesa, keki inaletwa. Kama safari hii imekuangukia wewe, naomba tukae kidogo. Wali ukiisha kwenye foleni, watu humlaumu mpishi. Lakini sahani ya keki ikipita meza ya mbele, ikapita ya pembeni, isifike alipokaa shangazi aliyetoka Singida kwa basi tangu alfajiri, shangazi hamlaumu mwokaji. Anaona ukoo umemruka.

Nimefanya kazi hii muda mrefu katika harusi za Dar es Salaam, nyuma ya pazia, kwenye meza ya kukatia, na nina hakika na jambo moja: bajeti ndogo haimwaibishi mtu. Mgeni hajui keki ililipiwa kiasi gani. Anajua nani alipata na nani alirukwa.

Basi kabla hujamtafuta mwokaji, kaa na mtunza kadi. Kadi 150 si watu 150. Ya singo inaleta mmoja, ya dabo inaleta wawili, na kati ya hao wapo watakaokuja na mtoto mkononi. Ongeza meza kuu, wazazi, wasimamizi na wanakamati wenyewe, ambao mara nyingi hawamo kwenye orodha kwa sababu wanaingia kama wenyeji. Kisha waulize watu wa ukumbi kila meza inakaliwa na wangapi, maana keki utaigawa kwa meza, na hesabu yake lazima ianzie hapo.

Chukua mfano wa wageni 250, meza 25 za watu kumi kumi. Panga vipande 11 kwa kila meza. Kile cha ziada ni cha mtoto, au cha mtu aliyesogeza kiti akae na ndugu yake. Hivyo ni vipande 275. Keki ya trei yenye sentimita 30 kwa 40, ukiikata vipande vya sentimita 5 kwa 5, inatoa 48, kwa hiyo utahitaji trei 6. Ukikata vya sentimita 4 kwa 4, trei ileile inatoa 70, na trei 4 zinakutosha, vipande vitano vikibaki. Sentimita moja imekuokolea trei mbili nzima. Kipande cha sentimita 4 chenye kimo kizuri kinatosha: mgeni anakichoma kwa kijiti, anakula, anafuta mdomo, anaendelea na maongezi. Chini ya hapo usishuke, keki inameguka na sahani inajaa makombo.

Udogo huo uamue mapema na uwe wa ukumbi mzima. Kinachoumiza watu ni vipande vinene meza za mbele, halafu vinapungua kadiri trei zinavyokwisha. Walioko nyuma wanaona vizuri sana.

Sasa pesa inakwenda wapi? Keki kwetu inauzwa kwa kilo, lakini ukimsikiliza mwokaji vizuri utagundua kuwa kinachopandisha bei zaidi ni mapambo: maua ya sukari yanayofinyangwa moja moja, fondanti, yaani ule unga laini wa sukari unaosukumwa kama chapati na kufunika keki, urefu wa ngazi, stendi. Kwa hiyo tenganisha keki ya jukwaani na keki ya wageni. Ya jukwaani iwe ndogo na nzuri, ngazi moja halisi ambayo maharusi watakata na kulishana. Ngazi nyingine zinaweza kuwa za povu gumu, lile jepesi linalofungiwa televisheni kwenye maboksi, likapakwa aisingi ileile. Keki ya wageni iwe ya trei, bila mapambo, ikae jikoni ikisubiri.

Wapo wanaoona haya kuweka ngazi za povu, wakidhani wanawadanganya wageni. Ondoa shaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia huko Uingereza, sukari ilikuwa ya mgao na mwaka 1940 serikali ikapiga marufuku keki kupakwa aisingi. Maharusi walikodi keki ya kadibodi yenye ngazi, wakaifunika juu ya keki ndogo ya kweli, wakapiga picha, kisha wakaifunua na kugawana iliyokuwa chini. Hakuna aliyeona ametapeliwa. Udanganyifu ninaoukataa ni mwingine: jukwaani keki ya siagi na vanila nzuri, kwenye trei keki kavu ya bei ya chini. Ladha iwe moja na aisingi iwe ya rangi moja. Kama pesa haitoshi ladha hiyo kwa wote, shusha ya jukwaani ifanane na ya wageni.

Mwokaji akifika ukumbini, muulize maswali mawili kabla hajaondoka. La kwanza, ndani ya keki kuna nini kisicholiwa? Ngazi hushikiliwa na vijiti vya mbao au mirija ya plastiki, maua bandia yana waya, na wengine hutumia pini. Akikuambia vimeingia vijiti vinane, andika nane, na sahani isitoke jikoni hadi uwe umeshika vinane mkononi. La pili, maharusi wakate wapi? Kama ngazi halisi ni ya chini, iwekwe alama ndogo, utepe au ua, ili bibi harusi asipeleke kisu kwenye povu mbele ya kamera.

Joto la Dar es Salaam halisameheki, hasa Desemba. Krimu ya siagi inalainika na kuanza kuteleza kabla maharusi hawajaingia. Iweke keki mbali na taa za jukwaa, chini ya kiyoyozi kama kipo, na mwokaji ailete jioni kuliko mchana. Trei zikate ndani ya saa moja kabla ya kugawa, kisha zifunike kwa plastiki, maana keki iliyokatwa inakauka haraka mbele ya feni. Kisu kirefu kisicho na meno makubwa, kichovye kwenye maji ya moto, kifute, kata, futa tena. Keki ya duara usiikate pembetatu kama ya siku ya kuzaliwa. Chora duara ndani, upana wa vidole vitatu kutoka ukingoni, toa vipande kwenye pete ile ya nje, kisha ingia kwenye duara lililobaki. Glavu kwa anayekata, na mtu mwingine wa kupanga kwenye sahani.

Nije kwenye keki za kukabidhi, kwa sababu hapa ndipo bajeti nyingi zinapovujia. Maharusi wakishalishana, wanapeleka keki kwa wazazi wa pande zote mbili, wanapiga magoti, vigelegele vinapigwa. Hilo halipunguzwi hata pesa iwe ngumu namna gani. Keki ya wazazi wa bwana harusi na ya wazazi wa bibi harusi ziwe na ukubwa mmoja, pambo moja, boksi moja. Usimwachie mwokaji aamue. Nimeona wakwe wakiinamiana kunong'ona kwa sababu ya utepe tu, boksi moja lina utepe na jingine halina.

Baada ya wazazi orodha huanza kukua. Keki ya wasimamizi, sawa. Halafu MC anaita keki ya kamati, ya wafanyakazi wenzake bwana harusi, ya kwaya, ya jumuiya, ya waliosoma na bibi harusi, na kila akiita, mtu anasimama kuja kupokea wakati jikoni hakuna kitu. Dawa yake ni karatasi. Kaa na maharusi wiki moja kabla, andikeni nani anakabidhiwa keki nzima na nani anakabidhiwa sahani iliyofungwa vizuri, nakala mpe MC mkononi siku ya tukio, na umwambie kwa heshima, "Kaka, majina ni haya tu, likitokea jingine naomba unifuate kwanza." MC mzuri atakushukuru, naye hapendi kuita kitu kisichokuwepo.

Kugawa kwenyewe kufanyike mara baada ya keki za wazazi, wakati watu wanagongesha glasi. Ukisubiri chakula kiishe, nusu ya wageni watakuwa wanacheza na nusu wanatafuta usafiri. Meza kuu na wazee wapate kwanza, hilo halina mjadala. Bibi na babu wapelekewe walipokaa, kwa mikono miwili, na neno la "karibu bibi". Baada ya hapo mimi huanzia nyuma, meza za mlangoni, nikielekea jukwaani. Wengine watakupinga. Lakini wa mbele wanaonekana na kamati muda wote, wakikosa watafidiwa papo hapo. Wa nyuma wakikosa hakuna atakayejua mpaka wamefika nyumbani.

Kila mhudumu mpe meza zake, tano tano, na sahani zilizokwisha kuhesabiwa. Asipite na trei kubwa kila mtu akichota mwenyewe, maana wa kwanza atachukua vitatu, kwa nia njema kabisa, awawekee watoto nyumbani. Asubiri hadi meza nzima imepokea ndipo asogee. Na jambo hili liweke moyoni: aliyechangia kidogo na aliyechangia sana wanapata kipande kilekile. Mchango umeshaamua kadi. Usiuruhusu uamue na keki.

Kwenye kipaza sauti lisitamkwe neno lolote kuhusu uchache. Msiwaombe wageni wagawane, msiseme "wenye kadi za dabo wachukue kimoja". Kama umehesabu kwa meza, hutalihitaji tangazo hilo. Na ukiona vimepungua kweli, wanakamati ndio wa kukosa, kimyakimya, wewe ukiwa wa kwanza.

Muulize pia mwokaji alichoweka ndani. Keki ya matunda mara nyingi hulowekwa kwenye ramu au brandi, na ukumbini una ndugu Waislamu, una Wasabato na Walokole wasiogusa pombe. Kwa harusi ya mchanganyiko agiza isiyo na pombe kabisa, yaishe. Korosho na karanga ziwe mahali pa kuonekana au zisiwepo, kwa ajili ya wenye mzio. Mzee mwenye kisukari akikataa, mhudumu asimbembeleze. Amwachie sahani mezani, atampa mjukuu.

Na kama pesa ya keki haipo kabisa, angalia kilichopo kwenye mila za familia. Wachaga huleta ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa na kupambwa kwa majani mdomoni, maharusi wakamkata kama wanavyokata keki. Palipo na ndafu, keki inaweza kuwa ndogo ya picha na ya wazazi tu, mradi nyama ikatwe vipande vidogo na izunguke kwa utaratibu uleule wa meza. Pwani na Zanzibar, sahani ya halua, visheti na kashata pamoja na kahawa chungu inamridhisha mgeni kuliko keki iliyokauka. Sharti ni moja: itolewe kama heshima, kwenye sahani nzuri na kwa wakati wake, isije ikaonekana kama kiraka.

Tenga mapema vipande vya wapishi, wahudumu, mlinzi wa getini, vijana wa muziki, mpiga picha na madereva. Hawa wamesimama tangu asubuhi na hawana kadi. Vipande 20 vinatosha kwa harusi ya kawaida, na viingie kwenye hesabu tangu siku ya kuagiza, visitegemee mabaki. Kwa mfano wetu wa trei 4 utaongeza trei moja ndogo. Kitakachobaki kifunge, umkabidhi mtu mmoja wa familia unayemjua kwa jina, kwa sababu kesho yake nyumbani kwa wazazi kutakuwa na watu.

Stendi, kisu na ngazi za povu kwa kawaida ni mali ya mwokaji, na wengi hushikilia dhamana hadi virudi. Vikusanye usiku huohuo kabla wapambaji hawajaanza kubomoa jukwaa, viweke kwenye boksi lenye jina lake, na umwambie mtunza hazina dhamana itarudi lini, maana nayo ni pesa ya kamati.