Shangazi, nitalilia msituni watu wakiniona?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mjane wa miaka 34, mume wangu alifariki mwaka jana na tangu Februari naenda kwa mwanasaikolojia kila Alhamisi. Shida ni kwamba nikikaa kwenye kile kiti mbele yake nakauka kabisa, naangalia saa ya ukutani na ile boksi ya tishu, lisaa linaisha nimesema "niko sawa" mara kumi. Sasa wiki iliyopita ameniambia tujaribu kufanyia sesheni msitu wa Karura, tutembee huku tunaongea. Mama mkwe akasema yaani unamlipa mtu akutembeze? Na mimi mwenyewe naogopa, watu wa kanisani kwetu huwa wanakimbia huko, nikikutana nao nikiwa nalia je? Hii ni tiba kweli?
Mama Wawili, Nairobi

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana, mwaka mmoja sio kitu kwa msiba wa mume, usikubali mtu akuhesabie siku.

Ni tiba kweli, na wala haijaanza jana. Freud, yule daktari wa Vienna ambaye watu wakisikia jina lake wanawaza kochi tu, mwaka 1910 alimsikiliza mtunzi wa muziki Gustav Mahler wakizunguka kwa miguu mitaa ya Leiden kule Uholanzi, karibu masaa manne, Mahler ndoa ilikuwa inamsumbua.

Mimi hii kazi naifanya na nimeona inavyosaidia. Ofisini mnatazamana, na sisi tumelelewa kwamba mkubwa humkazii macho, sasa unaambiwa utoe la moyoni huku umekodolewa, lazima ukauke. Mkitembea wote mnaangalia mbele, na ukinyamaza hakuna aibu maana miguu inaendelea. Hebu kumbuka yale mazito mama yako aliyowahi kukuambia, alikuita sebuleni mkakaa, au mlikuwa mnachambua mboga? Nilikuwa na kijana mmoja (amenikubalia nisimulie) sesheni tatu za ofisini hajasema kitu, siku ya nne tuko njiani akaokota kijiti akawa anakibambua ganda taratibu kwa kucha, hajaniangalia hata mara moja, na kijiti kilipobaki cheupe chote alikuwa ameshanieleza habari za baba yake.

Na miti yenyewe ina kazi yake. Watafiti wa Stanford mwaka 2015 walitembeza watu dakika 90, wengine kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara ya magari mengi, wale wa kwenye miti ndio waliopungukiwa na ile hali ya kurudia-rudia mawazo mabaya kichwani, wa barabarani hapana. Ila hao walikuwa watu wazima wa afya, usidhani msitu utakuondolea msiba. Anayekutibu ni yule mtu na mazungumzo yenu, njia inakusaidia tu kufungua mdomo, na hilo mwambie mama mkwe kwa upole, humlipi akutembeze.

Sasa hiyo hofu yako ya kuonekana ni ya haki kabisa na mwanasaikolojia wako anatakiwa aongee nayo KABLA hamjapiga hatua ya kwanza. Muulize, tukikutana na mtu ninayemjua tunafanyaje? Mimi na mteja wangu huwa tunakubaliana kwamba nikiona amesalimiwa nanyamaza, sijitambulishi, yeye ndiye anaamua aseme mimi ni nani au asiseme. Muombe mchague asubuhi ya katikati ya wiki, wakimbiaji wengi hawapo. Muulize pia nani analipa kiingilio, mvua ikinyesha inakuwaje, na ukizidiwa na kilio mtakaa wapi. Mambo ya pumu, moyo, magoti, mwambie yote. Na kama bado hujamuuliza, uliza kama amesajiliwa chini ya ile sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014.

Kuna kosa nililifanya mwanzoni na linaniuma mpaka leo. Tulitembea na mama mmoja tukaongea vizuri, muda ukaisha tumeshafika getini, na yeye ndio kwanza kilio kimeanza, nikamuacha anasubiri matatu macho mekundu. Siku hizi nikifika nusu ya muda tunageuza, mambo mazito tunayasema tunapokwenda, tunaporudi tunapoa, na sifiki getini na jambo jipya. Muombe wako afanye hivyo.

Kitu kimoja nakusihi. Kama kuna siku unawaza kujidhuru au unaona heri ungemfuata marehemu, hilo usilisubirishe hadi Alhamisi wala hadi msituni, mpigie mwanasaikolojia wako simu siku hiyo hiyo au mwambie ndugu akupeleke hospitali.

Na una ruhusa ya kukataa. Ukijaribu mara moja ukaona hapana, mwambie turudi ofisini, mwanasaikolojia mzuri hakasiriki, ila mimi ningekuwa wewe ningejaribu. Huo msitu Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea usigawanywe viwanja, ni wako pia, hata ukiingia na machozi. Vaa tu viatu vinavyoshika, ule udongo mwekundu ukinyeshewa unateleza vibaya.