Siku ya skafu niliyoikosa: maneno ya skauti kwa mzazi mgeni

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Jumamosi saa nne asubuhi, watoto wapya watavishwa skafu. Wazazi karibuni." Niliusoma mara moja nikadhani ni siku ya kugawa sare. Basi Jumamosi nikamfikisha mwanangu hadi getini, nikamwambia nitamfuata mchana, nikaenda kwenye shughuli zangu.

Niliporudi alikuwa amesimama peke yake chini ya mti. Skafu ilikuwa shingoni, imekunjwa vizuri na kubanwa kwa pete yake, na mkono mmoja alikuwa ameushikilia juu yake kama mtu anayeogopa itadondoka. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mbona hukuingia? Wazazi wote walisimama nyuma yetu."

Alikuwa na miaka minane. Ile ndiyo siku aliyotoa ahadi yake, na mimi sikuwepo, kwa sababu ya neno moja ambalo sikuliuliza. Miaka imepita na ameshakua, lakini ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake amejiunga juzi, anayepokea jumbe zilizojaa maneno mageni na anaona aibu kuuliza. Uliza. Na unapouliza, usiishie kwenye "maana yake nini?" Uliza, "Siku hiyo kinafanyika nini, na mimi natakiwa niwe wapi?" Maneno mengi ya skauti ni majina ya vitendo. Mtu akikupa maana bila kitendo, bado hujaelewa.

Nianze na hilo la skafu. Kuvishwa skafu ndiko kuingia skauti. Kabla ya hapo mtoto huhudhuria wiki kadhaa kama mgeni, akijifunza. Siku ikifika husimama mbele ya bendera, huinua vidole vitatu vya mkono wa kulia huku kidole gumba kikikilalia kidole kidogo, na hutamka ahadi kwa sauti yake mwenyewe. Kiongozi humvisha skafu na beji, kisha humpa mkono wa kushoto. Usishangae huo mkono wa kushoto, wala usimkemee mtoto nyumbani kwamba amekosa adabu. Ndivyo maskauti wanavyosalimiana duniani kote.

Vile vidole vitatu ni sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu, wajibu kwa wengine, na wajibu kwa nafsi yake. Maneno kamili hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo omba yale yanayotumiwa na kundi la mtoto wako, uyasome naye jioni. Kanuni za skauti nazo ni hivyo hivyo. Marekani zipo 12, Uingereza 7, na vyama vingi vina 10. Ukikuta orodha mtandaoni isiyolingana na aliyopewa mtoto, usiwaze kwamba kiongozi amekosea.

Kuna na "tendo jema". Skauti anahimizwa kumtendea mtu jambo jema kila siku, bila kuombwa na bila kulipwa. Mwanangu alipoanza kuosha vyombo vya watu wote nyumbani, nilitaka kumpa zawadi. Alikataa, akasema ukilipwa si tendo jema tena. Nilirudisha mkono mfukoni, nikamwambia asante. Hiyo asante inatosha.

Kilichonichanganya kuliko vyote mwanzoni ni majina ya ngazi za umri. Nchini Kenya wadogo kabisa huitwa Sungura, wakikua huwa Chipukizi, kisha Mwamba, na vijana wakubwa ni Jasiri. Uingereza huanza na majina ya wanyama, Squirrels kisha Beavers, halafu wanafuata Cubs na Scouts. Marekani wana yao. Usijaribu kukariri yote. Mwulize kiongozi mambo mawili tu: mtoto wangu yuko ngazi gani, na atahamia inayofuata akiwa na umri gani. Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana kuhama ngazi ni kuachana na viongozi aliowazoea, pengine na marafiki pia, na watoto wengi huacha skauti hapo hapo. Ukijua mapema, utaongea naye mapema.

Kisha likaja jina Akela. Kwa karibu mwezi mzima niliamini Akela ni mtoto mwenzao. "Akela amesema tulete kamba." "Akela amecheka sana leo." Nikawaza, huyu mtoto anawaamuru wenzake kweli. Kumbe Akela ni kiongozi mtu mzima wa ngazi ya wadogo. Jina limetoka katika The Jungle Book ya Rudyard Kipling, ambamo Akela ni mbwamwitu kiongozi wa kundi. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipoanzisha ngazi ya watoto wadogo mwaka 1916 aliazima hadithi hiyo, na ndiyo maana mpaka leo makundi mengi yana Akela, yana Baloo, yana Bagheera, na watoto hufungua mkutano kwa mlio wa pamoja kama mbwamwitu. Ndani ya kundi hugawanywa katika vikundi vya watoto kama sita, na mtoto anayeongoza kikundi huitwa siksa. Mwanangu alipokuwa siksa alibeba daftari la mahudhurio kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwenye daftari lake la hesabu.

Sasa patroli. Hapa naomba utulie nami kidogo, kwa sababu ukilielewa neno hili umeielewa skauti yenyewe.

Mtoto akifika miaka kumi au kumi na moja huingia ngazi ya kati, ile ambayo kwa kawaida huitwa trupu. Trupu hugawanywa katika patroli, na kila patroli ina watoto kama sita hadi wanane wenye jina lao, bendera yao na kelele yao. Mpango huu una umri sawa na skauti yenyewe. Agosti 1907, katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, Baden-Powell alipiga kambi ya majaribio na wavulana wapatao ishirini, akawagawa katika patroli nne: Mbwamwitu, Fahali, Kunguru na Sululu (yule ndege, si chombo cha kuchimbia). Kila patroli ilikuwa na kiongozi wake, na kiongozi huyo alikuwa mvulana kama wao.

Na ndipo nilipojikwaa mara ya pili. Kambi ya kwanza ya mwanangu kwenye trupu ilikuwa inakaribia na orodha ya vitu vya kubeba haijafika. Nikampigia kiongozi mkuu. Akanijibu kwa upole, "Mama, orodha anayo kiongozi wake wa patroli. Mwambie kijana amuulize." Kiongozi huyo wa patroli alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu. Nilikasirika kidogo, nikasema moyoni, mtoto anamwongozaje mtoto? Lakini nikamwambia mwanangu apige simu mwenyewe. Nilimsikia kutoka chumba cha pili. "Tochi ngapi? Moja ya patroli au kila mtu yake? Na sufuria inaletwa na nani?" Aliandika, akasoma alichoandika, akauliza tena. Alipokata simu alianza kupanga begi bila kuniita.

Hiyo ndiyo patroli. Watoto wanapanga, wanagawana kazi, wanakosea, wanarekebisha, na mtu mzima anasimama kando akihakikisha usalama. Kazi ya mzazi hapo ni ngumu, kwa sababu ni kazi ya kutofanya. Kuna kambi ambayo patroli yao ilisahau kiberiti, wakaazima kwa jirani, nao jirani wakawadai kuni. Ningekagua begi lile wasingesahau, lakini tangu siku ile mwanangu hajawahi kusahau kiberiti.

Utasikia pia "baraza la heshima". Chunga sana neno hili, kwa kuwa lina maana mbili. Katika mapokeo ya Uingereza ni kikao cha viongozi wa patroli, watoto wenyewe, wanapoamua mambo ya trupu, na mzazi haalikwi. Marekani, jina hilo hilo ni sherehe ya kukabidhi beji, na mzazi asipofika mtoto huumia. Mimi niliyekosa siku ya skafu sikutaka kubahatisha tena, nikauliza: "Hii ni ya wao kukaa, au ya sisi kuja?"

Beji nazipitia haraka. Ziko za aina mbili kubwa. Moja huonyesha mtoto amefikia hatua gani katika ngazi yake, na nyingine huonyesha ujuzi maalumu, kama huduma ya kwanza, upishi, kuogelea au kusoma ramani. Za kwanza hufuatana kwa mpangilio, za pili anachagua apendavyo. Usizihesabu na kumlinganisha na mtoto wa mwenzio. Akija na beji ya mafundo mpe kamba, mwambie akufunge fundo moja na akueleze linatumika wapi. Wangu alinionyesha fundo lile lile lililochorwa chini ya nembo ya skauti duniani, kamba mbili zilizopishana na kulala bapa, akaniambia linafaa kufungia bendeji kwa sababu halimchomi mgonjwa.

Kwenye kambi, maneno ni mengi na mzazi ana haki ya kuyachambua moja moja. Kampori kwa kawaida ni kambi inayokusanya makundi ya eneo moja. Jamborii ni mkusanyiko mkubwa zaidi, lakini ukubwa wenyewe unatofautiana sana, maana hata wilaya inaweza kuita kambi yake jamborii. Jamborii ya Dunia ni kitu kingine kabisa. Ya kwanza ilifanyika London mwaka 1920, na siku hizi huandaliwa kila baada ya miaka minne kwa vijana wa miaka 14 hadi 17. Mtoto wa miaka tisa akikuambia anaenda jamborii, vuta pumzi kwanza, kisha uulize ni ya wapi, siku ngapi, na analala wapi.

Hapo kwenye kulala usione haya hata kidogo. Uliza ni watu wazima wangapi watakuwepo, na kama wamechunguzwa kabla ya kupewa watoto. Vyama vya skauti vina sera za kulinda watoto, na kwenye vyama vingi ni kanuni kwamba mtu mzima habaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, wala halali naye hema moja. Uingereza kanuni hizo ziko kwenye kijikaratasi kinachoitwa kadi ya njano, ambacho kila mtu mzima anayefanya kazi na watoto anatakiwa kukifuata. Kiongozi mzuri hakasiriki ukimuuliza. Wa kwetu alifurahi, akanitumia karatasi nzima nisome. Ukimpata anayekasirika, mtoto wako asilale huko mpaka upate jibu.

Utaona pia baadhi ya viongozi wamevaa kamba ya ngozi shingoni yenye vijishanga viwili vya mbao. Hiyo ni Wood Badge, alama ya kwamba wamemaliza mafunzo ya uongozi yaliyoanzia Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919. Shanga tatu au nne ni za wanaofundisha viongozi wenzao. Ni alama ya heshima na imetolewa jasho, lakini haijibu maswali yako ya usalama. Yaulize hata kwa mwenye shanga nne.

Nimalizie na maneno yasiyosemwa. Maskauti wana alama za njiani, huzichora kwa chaki au kuzipanga kwa mawe na vijiti. Mshale ni "pita huku". Alama ya X ni "usipite huku". Mshale wenye kisanduku na namba ndani yake humwambia anayefuata kwamba kuna ujumbe umefichwa umbali wa hatua hizo. Na duara lenye nukta katikati ni "nimerudi nyumbani". Alama hiyo ya mwisho ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell huko Nyeri, Kenya, alikofia Januari 1941.

Mwanangu alinifundisha alama hizo jioni moja, sakafuni, kwa njiti za kiberiti. Wiki kadhaa baadaye nilichelewa kurudi kutoka kazini, simu yangu imezima, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama ameshatoka kwenye mkutano wa trupu. Kizani, kwenye ngazi ya chini kabisa ya mlango, niliona kitu cheupe. Niliinama. Lilikuwa duara la chaki, na nukta katikati.