Usisuke mota kabla hujajua kilichoiunguza

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa mota hapa Kigoma, mteja akileta mota iliyoungua swali lake la kwanza ni bei ya kuisuka, yaani kuitia koili mpya za waya wa shaba. Ninyi msikimbilie bei. Ulizeni kwanza imeunguaje, kwa sababu hata ukiisuka vizuri na kuipiga vanishi, ikirudi kwenye ubovu ule ule itaungua tena, na jina litakaloharibika ni lako.

Jibu mara nyingi liko kwenye koili zenyewe. Toa rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, mulika tochi kwenye vichwa vya koili. Zikiwa nyeusi zote sawasawa, mota ilizidiwa mzigo, au umeme ulikuwa mdogo, au ilikosa hewa. Shaba ikiwa imeyeyuka kwenye sloti moja tu, yaani mfereji mmoja unaolaza koili, hiyo ni shoti, pengine maji yaliingia au waya ulichubuka. Ukikuta koili za fezi mbili, kati ya waya tatu za umeme zinazolisha mota, zimeungua na za tatu bado zinang'aa, na mota imeungwa sta (ncha moja ya kila koili zimekutanishwa pamoja), fezi moja ilikatika. Kwenye delta (koili zimeungwa kama pembetatu) ni kinyume: inaungua moja, mbili zinapona.

Hiyo ya fezi kukatika ishikeni sana, maana ndiyo inayoniletea kazi nyingi kutoka kwenye vinu vya nafaka. Fyuzi moja ikifa, au skrubu ya kontakta, swichi inayowasha mota, ikilegea, mota inayozunguka haisimami. Inabadilisha mlio, inanguruma, na waya mbili zilizobaki zinabeba ampea kupita kiasi. Mwenye kinu anaendelea kumimina mahindi. Baadaye anakuuliza, "Fundi, mbona fyuzi nyingine hazikukata?" Mwelezeni kwa upole: mota inapowashwa huvuta mara 5 hadi 8 ya ampea zake za kawaida, kwa hiyo fyuzi imechaguliwa iweze kuvumilia hilo. Anayelinda mota ni ovalodi, kifaa kinachokata umeme ampea zikizidi kwa muda.

Na ovalodi ndiyo watu wanayoichezea. Utasikia, "Ilikuwa inakatakata, nikaipandisha." Ujiji nimekuta imezungushwa hadi mwisho, na mota iko chini imeungua. Ovalodi ikikata inakupa taarifa, nenda ukatafute mzigo uliozidi, beringi iliyokwama au fezi iliyopotea. Iweke kwenye ampea za kibao cha mota. Mota ya kilowati 15 kwa volti 400 ni kama ampea 28. Ila kwenye stata ya sta-delta, inayowasha mota kwa sta kisha kuihamishia delta, ovalodi ikiwa kwenye waya zinazoingia kwenye koili, iweke asilimia 58 ya namba hiyo, yaani kama 16. Wengi hawalijui hili, wanaweka 28, na hapo mota haina ulinzi wowote.

Umeme mdogo nao huua polepole. Volti zikishuka kwa asilimia 10, nguvu ya mota kuzungusha hubaki asilimia 81 tu, lakini mzigo haukupungua, hivyo ampea zinapanda. Pimeni volti mashine ikiwa kazini. Ikiwa imezimwa, hata waya mwembamba uliovutwa mbali utaonyesha volti nzuri.

Kwenye mashine za mawese, angalieni feni na mapezi ya bodi. Mafuta yakichanganyika na vumbi hutengeneza ganda linalozuia joto kutoka, na kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango hupunguza umri wa insulesheni, ngozi inayozuia umeme kuvuja kwenye koili, kwa nusu. Kukwangua ganda hilo ni kazi ya nusu saa.



Kabla ya kuikabidhi mota, ipimeni kwa megga ya volti 500, kipimo cha insulesheni, kati ya koili na bodi. Ikisoma chini ya megaomu 1, irudi kwenye kukaushwa. Kisha nendeni wenyewe kwenye mashine. Zimeni, fungeni swichi kwa kufuli ikiwa imezimwa, hakikisheni kwa tesita kuwa hakuna umeme ndipo muunge. Mashine ikishapewa mzigo, pimeni ampea za waya zote tatu kwa klampu mita, ile inayobana waya kwa nje, moja baada ya nyingine. Ampea zikitofautiana sana, zimeni hapo hapo mkague volti za kila fezi: tofauti ya asilimia 3.5 tu inaweza kuongeza joto la mota kwa karibu robo.