Anzia na simu ya mama

Mwalimu, umeuliza uwafunze vipi watoto wa P4, darasa la nne la msingi, usalama wa mtandaoni na shule haina hata kompyuta moja. Anza na simu ya mama nyumbani, mobaili mani wote wanaijua. Waigize wawili wawili, mmoja tapeli anapiga anasema ametuma pesa kimakosa anataka PIN, mwingine anakata simu bila kuona haya, maana sisi tumewafunza kumtii kila mkubwa na hapo ndo tapeli anawanasa. Paswadi zitakuja baadaye. Ila tafadhali, mtoto akikosea asichapwe, akichapwa kesho ataficha. Na ile namba ya bure ya Sauti, simu ya kusaidia watoto hapa Uganda, 116, waiandike nyuma ya daftari.